Upasuaji wa haipospadia: Kazi ya mzazi huanza mtoto anaporudi nyumbani

Mtoto wa kiume anaporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya kurekebishwa njia ya mkojo, daktari huwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kazi inayosalia hufanyika nyumbani. Kwa familia nyingi za Wadi ya Mau Narok, katika Kaunti Ndogo ya Njoro, nyumbani ni zaidi ya kilomita 40 kutoka jijini Nakuru, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali. Kurudi hospitalini kunahitaji nauli na kupoteza siku nzima ya kazi shambani.

Ndiyo sababu mzazi anafaa kujua mapema mambo yanayoweza kuharibu upasuaji huu, yale yanayomlinda mtoto, na dalili ambazo hazifai kungoja hadi kesho. Mengi ya mambo hayo hayahitaji mashine wala pesa nyingi. Yanahitaji mikono safi, macho yanayochunguza, na kutokosa tarehe za kliniki.

Haipospadia ni nini?

Haipospadia ni hali ambayo mtoto wa kiume huzaliwa nayo. Tundu la kutolea mkojo, badala ya kuwa kwenye ncha ya uume, huwa upande wa chini. Kwa watoto wengi huwa karibu na ncha, kwa wengine katikati ya uume, na kwa wachache huwa nyuma zaidi karibu na korodani. Mara nyingi govi pia huwa halijakamilika: limefunika upande wa juu kama kofia, lakini upande wa chini halipo. Baadhi ya watoto huwa na uume uliopinda kuelekea chini.

Hali hii si adimu kama wengi wanavyodhani. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari, huonekana kwa mtoto 1 kati ya kila watoto wa kiume 200 hadi 300 wanaozaliwa. Hutokea katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, wakati mrija wa mkojo wa mtoto unapojiunda na kufungwa. Si laana, haiambukizi, na si adhabu ya jambo lolote ambalo mama au baba alifanya. Pale ambapo baba au ndugu wa mtoto alizaliwa nayo, uwezekano wa mtoto mwingine wa kiume kuwa nayo huongezeka. Familia kama hiyo inafaa kumjulisha muuguzi mapema, hata kabla ya mama kujifungua.

Mtoto anafaa kuchunguzwa mwili mzima mara tu anapozaliwa. Kwa waliojifungulia nyumbani, au ikiwa jambo hilo halikuonekana siku hiyo, ziara za chanjo ni nafasi nyingine. Mtoto anapopelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena miezi 9 na 18, mzazi anaweza kumwomba muuguzi amwangalie na kuandika anachoona katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Ikiwa pamoja na haipospadia korodani moja au zote mbili hazipatikani kwa kugusa, mtoto anahitaji vipimo zaidi kabla ya upasuaji wowote kupangwa.

Asitahiriwe kwanza

Kinga ya kwanza dhidi ya matatizo huanza kabla ya mtoto kuingia chumba cha upasuaji: mtoto mwenye haipospadia asitahiriwe. Daktari anaweza kuhitaji ngozi ya govi kujengea mrija mpya wa mkojo au kufunika mrija huo ili upone vizuri. Govi likishakatwa na kutupwa, ngozi hiyo haipo tena, na daktari hulazimika kuitafuta kwingine, kwa mfano ndani ya shavu. Upasuaji huwa mgumu zaidi na uwezekano wa matatizo huongezeka.

Tahadhari hii ni muhimu hasa Mau Narok, ambako jamii za Wakikuyu, Wakalenjin na Wamaasai huishi pamoja na tohara ya wanaume ina heshima kubwa. Baadhi ya familia siku hizi huwapeleka watoto wachanga kutahiriwa hospitalini. Kabla ya kukubali, mzazi ahakikishe tundu la mkojo limeangaliwa. Yeyote anayetahiri, awe hospitalini au kijijini, akiona tundu haliko kwenye ncha anafaa kusimama hapo hapo na kuielekeza familia kwa daktari.

Upasuaji wenyewe

Madaktari wengi hupendelea kufanya upasuaji huu mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18. Katika umri huo kidonda hupona upesi, mtoto bado yuko kwenye nepi, na hatakumbuka maumivu akikua. Hata hivyo, mvulana mkubwa aliyechelewa hajapoteza nafasi. Anaweza kufanyiwa upasuaji, ingawa maandalizi na matunzo yake hutofautiana kidogo.

Mtoto huwa amelala kwa dawa ya usingizi. Daktari hunyoosha uume ikiwa umepinda, hutengeneza mrija mpya kutoka mahali tundu lilipo hadi kwenye ncha, kisha hufunika mrija huo kwa tabaka za ngozi. Mojawapo ya mbinu zinazotumika sana duniani ilichapishwa mwaka 1994 na daktari Mmarekani, Warren Snodgrass. Mbinu hiyo hutumia ukanda wa ngozi ya mtoto mwenyewe ulio mahali ambapo mrija ungekuwa. Watoto wenye hali kali huhitaji upasuaji wa hatua mbili, na hatua ya pili hufanywa miezi kadhaa baada ya ya kwanza.

Safari ya rufaa kwa mkazi wa Mau Narok kwa kawaida huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Njoro, halafu Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH. Daktari huko ndiye huamua ikiwa mtoto atahudumiwa hapo au atatumwa kwa daktari bingwa kwingine. Miongoni mwa hospitali za nchini zinazojulikana kwa upasuaji wa watoto ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, AIC Kijabe, na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyo chini ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi jijini Eldoret.

Wazazi wasingoje siku ya upasuaji ndipo washughulikie bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mzazi anaweza kujisajili kwa kupiga *147# kwenye simu, au kupata usaidizi katika kituo cha afya, kisha aongeze jina la mtoto kama mtegemezi. Mtu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hulipa kulingana na uwezo wa familia, lakini si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na ada hiyo huhesabiwa kwa mwaka mzima. Kujisajili bila kulipa ada hakutoshi kugharamia upasuaji uliopangwa. Mzazi aulize mapema katika ofisi ya bima hospitalini ni stakabadhi zipi zinahitajika.

Siku chache kabla ya kwenda

Mtoto afike hospitalini akiwa mzima. Kikohozi na mafua ni jambo la kawaida Mau Narok msimu wa baridi, lakini mtoto mwenye homa, kifua kinachokoroma au makamasi mazito yuko katika hatari zaidi akipewa dawa ya usingizi. Mzazi apige simu hospitalini na kueleza kabla ya kusafiri. Mara nyingi tarehe husogezwa mbele wiki kadhaa. Kusogeza tarehe ni heri kuliko kuhatarisha mapafu ya mtoto, na kikohozi kikali baada ya upasuaji hukaza tumbo na kuumiza mshono.

Maagizo ya kufunga kula yafuatwe bila kubahatisha. Kwa kawaida mtoto hukoma kula chakula na kunywa maziwa ya ng'ombe au ya kopo saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maziwa ya mama saa 4 kabla. Hospitali ndiyo itakayotoa saa kamili. Nyanya au shangazi anayesaidia kumlea mtoto ajulishwe pia, kwa sababu uji unaotolewa kwa huruma asubuhi hiyo unaweza kufanya upasuaji uahirishwe.

Kwa nini matatizo hutokea?

Mrija mpya ni mwembamba na nyuzi zake ni laini kuliko uzi wa kushonea nguo. Katika siku za kwanza unahitaji mambo matatu: damu ya kutosha kufika kwenye ngozi, kutokuwa na viini, na mkojo kupita bila kuzuiwa. Jambo moja kati ya hayo likikosekana, matatizo huanza.

Tatizo linaloonekana zaidi ni fistula, yaani tundu dogo linalojitokeza chini ya uume na kupitisha mkojo pembeni. Tatizo la pili ni tundu jipya la kwenye ncha au mrija wenyewe kuwa mwembamba mno, hata mtoto akalazimika kujikaza ili akojoe. Mengine ni mshono kuachana, kidonda kuingia viini, kutokwa na damu, mrija kufura kama kifuko, na uume kupinda tena. Matatizo haya huhusiana. Kwa mfano, tundu la mbele likiwa jembamba, mkojo husukuma kwa nguvu nyuma yake na unaweza kupasua njia ya pembeni.

Si kila tatizo hutokana na uzembe wa mtu. Kwa watoto wenye haipospadia nyepesi, karibu na ncha, wengi hupona bila tatizo lolote. Kwa wale ambao tundu lilikuwa mbali nyuma, matatizo ni mengi zaidi hata mikononi mwa daktari hodari, na kurudi chumba cha upasuaji si jambo la ajabu. Mzazi anayeelezwa hivyo mapema hatavunjika moyo wala kuacha kliniki. Hata hivyo, yale yaliyo ndani ya uwezo wa nyumbani yanaweza kupunguza hatari.

Matunzo ya nyumbani

Mpira wa mkojo. Watoto wengi hurudi nyumbani wakiwa na mpira mwembamba, yaani katheta, unaotoa mkojo huku mrija mpya ukipona. Kwa kawaida hukaa siku 5 hadi 14, kulingana na uamuzi wa daktari. Mzazi ahakikishe haujapinda, haujabanwa na nguo, na hauvutwi. Kila anapobadilisha nepi, aangalie kama mkojo unatoka. Ikiwa mvulana mkubwa ana mfuko wa mkojo, mfuko huo ubaki chini ya usawa wa kiuno chake saa zote, hata akiwa kitandani, ili mkojo usirudi nyuma.

Nepi mbili. Hospitali nyingi hufundisha mtindo huu kwa watoto wachanga. Nepi ya ndani hutobolewa shimo mbele, na mpira hupitishwa humo ili mkojo uingie kwenye nepi ya nje. Nepi ya ndani hubaki kushika choo kikubwa pekee. Kwa njia hiyo kidonda hukaa kikavu na choo hakifiki kwenye mpira. Kabla ya kutoka wodini, mzazi amwombe muuguzi amwonyeshe, kisha naye afanye mwenyewe muuguzi akitazama.

Usafi. Anayemhudumia mtoto anawe mikono kwa sabuni na maji kabla na baada ya kubadilisha nepi. Choo kipanguswe kuelekea nyuma, mbali na kidonda. Mtoto asitumbukizwe kwenye beseni hadi hospitali iruhusu. Kwa siku hizo apanguswe kwa kitambaa safi na maji vuguvugu yaliyochemshwa. Bendeji ikichafuka kidogo isafishwe taratibu. Ikijifungua yenyewe isifungwe tena kwa nguvu, bali hospitali au kituo cha afya kijulishwe. Kidonda kisipakwe majani, samli, majivu, asali, spiriti wala dawa ya unga kutoka dukani. Hata mafuta ya kawaida ya kujipaka yatumiwe tu ikiwa daktari ameagiza.

Kumbeba mtoto. Hapa ndipo familia nyingi hukosea bila kujua. Mtoto anapobebwa mgongoni kwa leso au kwenye nyonga, miguu hupanuliwa na sehemu iliyoshonwa hukandamizwa kwenye mwili wa anayembeba. Kwa wiki 3 hadi 4 mtoto apakatwe kifuani au mapajani akiwa ameegemea upande. Asikalishwe kwenye baiskeli ya watoto wala kigari cha kujifunzia kutembea. Safari ya kutoka hospitalini iwe ya gari akiwa amepakatwa, wala si ya boda boda inayorukaruka kwenye barabara ya mawe. Mama anayezoea kwenda kuvuna viazi au karoti na mtoto mgongoni atahitaji mtu wa kumshikia zamu katika kipindi hiki. Familia ipange jambo hilo kabla ya tarehe ya upasuaji.

Nguo. Kwa sababu ya baridi, watoto wengi huvalishwa suruali mbili au tatu za kubana. Baada ya upasuaji avae suruali moja pana, kubwa kuliko kipimo chake, kisha joto liongezwe kwa soksi, sweta na blanketi. Chupa ya maji moto isiwekwe karibu na mapaja yake, maana ngozi ya mahali hapo huungua kwa urahisi.

Chakula na vinywaji. Mtoto anayenyonya anyonye mara kwa mara. Mkubwa anywe maji, uji mwepesi au supu kila saa chache. Mahali penye baridi watoto hukataa maji, kwa hiyo yapewe yakiwa vuguvugu. Mkojo mwingi na mwepesi husafisha mpira na kuuzuia kuziba. Kufunga choo kuepukwe, kwani mtoto akijikaza hubana kibofu na kusukuma mkojo kwa nguvu kwenye mshono. Papai, ndizi mbivu, mboga za majani, maharagwe na maji ya kutosha husaidia. Asipopata choo kwa siku 2, mzazi aulize kituo cha afya dawa ya kulainisha.

Dawa. Dawa ya kutuliza maumivu kama parasetamoli itolewe kwa vipimo na saa zilizoandikwa, hasa siku 2 au 3 za kwanza, badala ya kungoja mtoto alie. Mtoto asipewe aspirini. Ikiwa daktari ameandika dawa ya kuua viini, zimalizwe zote hata kama kidonda kinaonekana kimepona. Baadhi ya watoto hupata mikazo ya kibofu: hujikunja ghafla, hulia, na mkojo huchuruzika kando ya mpira. Ipo dawa ya kupunguza hali hiyo, na mzazi aulize kuihusu kabla ya kuondoka wodini.

Mvulana wa umri wa kwenda shule abaki nyumbani wiki 2 hadi 3, na asicheze mpira, asipande baiskeli wala punda kwa wiki 4 hadi 6, au hadi daktari amruhusu.

Ya kawaida na ya hatari

Siku za kwanza uume huvimba, hubadilika rangi kama mtu aliyegongwa, na huweza kuacha matone machache ya damu kwenye nepi. Ukoko mwembamba wa manjano kwenye kidonda pia ni kawaida. Mkojo unaweza kuwa na rangi ya waridi kwa siku moja au mbili.

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, akionyesha mojawapo ya dalili hizi:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mwili wenye joto jingi pamoja na kukataa kunyonya.
- Nepi kubaki kavu kwa saa 2 hadi 3 ilhali ananyonya au kunywa vizuri, au tumbo la chini kuwa gumu huku akilia.
- Damu inayotiririka au inayolowesha bendeji bila kukoma.
- Usaha, harufu mbaya, au wekundu unaosambaa kwenda tumboni au mapajani.
- Kichwa cha uume kuwa cheusi, buluu au cheupe na baridi.
- Mpira kutoka au kukatika kabla ya siku yake.
- Kutapika kila anachokula.

Mkojo ukikoma kutoka, mzazi kwanza aangalie kama mpira umepinda au umebanwa na nepi, na aunyooshe. Ikiwa bado hautoki, asijaribu kuusukuma wala kuuvuta. Mpira uliotoka usirudishwe nyumbani kwa hali yoyote.

Kituo cha karibu kinaweza kumpima mtoto, kumpa dawa ya maumivu na homa, na kupanga rufaa. Mzazi aonyeshe karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na aseme wazi kwamba mtoto ametoka kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Jambo moja lisisitizwe: mpira mwingine usipitishwe kwenye mrija huo mpya kabla ya mhudumu kuzungumza na hospitali iliyomfanyia upasuaji. Mpira ukilazimishwa unaweza kutoboa kazi yote iliyofanywa. Kwa hiyo, nambari ya simu ya wodi au kliniki iandikwe juu ya karatasi hiyo kabla familia haijaondoka hospitalini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea boma hadi boma pia wanaweza kujulishwa ili wapite kumwona mtoto na kusaidia kupiga simu inapohitajika.

Mpira ukishatolewa

Kutolewa kwa mpira si mwisho. Mara za kwanza mtoto hukojoa kwa kuwashwa, na mkojo unaweza kutawanyika kwa siku chache. Baada ya hapo mzazi achunguze mkondo wa mkojo. Mkondo mzuri ni mmoja, unatoka kwenye ncha, na una nguvu ya kadiri bila mtoto kujikaza.

Mkondo mwembamba kama uzi, kukojoa kwa muda mrefu, au kujikaza hadi uso kuwa mwekundu huashiria tundu limebana. Mkondo wa pili au matone yanayotoka chini ya uume huashiria fistula. Uvimbe unaojaa chini ya uume wakati wa kukojoa, kisha ukaisha, nao unahitaji kuonwa na daktari. Kwa kuwa mtoto mara nyingi hukataa kukojoa mbele ya daktari, mzazi anaweza kurekodi video fupi ya mkondo huo kwa simu, bila sura ya mtoto, amwonyeshe daktari kisha aifute. Video hiyo isitumwe kwa makundi ya WhatsApp wala kwa jamaa.

Fistula ikigunduliwa, mzazi asikate tamaa na asikimbilie upasuaji mwingine wiki hiyo hiyo. Ndogo sana huweza kujiziba. Nyingine hufungwa kwa upasuaji mfupi, lakini madaktari hungoja angalau miezi 6 ili ngozi ilainike na damu ipite vizuri. Tundu lililobana, kwa upande mwingine, halifai kusubiri, kwa sababu huzuia mkojo na huweza kusababisha tundu la pembeni.

Ziara za kliniki kwa kawaida hupangwa baada ya wiki chache, kisha miezi 3 hadi 6, halafu mwaka mmoja. Mtoto huonwa tena akishaacha nepi, kwa sababu hapo ndipo mkondo huonekana vizuri, na tena anapobalehe, kwani uume unapokua haraka kupinda kunaweza kurejea. Familia nyingi huacha kliniki mara tu kidonda kinapokauka. Ilhali baadhi ya matatizo hujitokeza miezi au miaka baadaye, bila maumivu na bila damu.

Atakapofikia umri wa tohara

Kuna swali ambalo halifai kuachwa hadi mvulana afike darasa la mwisho la shule ya msingi: itakuwaje wakati wenzake watakapopashwa tohara? Katika upasuaji wa haipospadia, govi mara nyingi hutumika au huondolewa, kwa hiyo mtoto huwa tayari ametahiriwa. Hakuna cha kukata tena. Kisu kikipitishwa juu ya mrija uliotengenezwa kinaweza kuufungua upya, miaka kumi na zaidi baada ya kupona.

Wazazi waombe barua fupi kutoka kwa daktari inayoeleza kwamba mtoto alifanyiwa upasuaji na hafai kutahiriwa tena, na waihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi za kliniki. Barua hiyo iwe nakala mbili, kwa sababu karatasi hupotea watu wanapohama. Msimu wa tohara unapokaribia, kwa kawaida likizo ya Novemba na Desemba, baba au mjomba azungumze faraghani na wazee na anayetahiri. Mvulana anaweza kukaa na wenzake, kupokea mafunzo na kuhitimu pamoja nao bila kukatwa. Wazee wanaoelezwa mapema huwa na nafasi ya kutafuta njia inayolinda heshima yake.

Mvulana mwenyewe aelezwe ukweli kwa lugha ya umri wake: alizaliwa na tundu mahali tofauti, daktari akalirekebisha, na si kosa la mtu. Akijua hivyo, atakuwa na ujasiri wa kusema mapema akiona mkojo umebadilika, badala ya kujificha chooni shuleni na kuteseka kimya kimya.

Kwa mtoto ambaye bado hajafanyiwa upasuaji, hatua ya kwanza ni kumpeleka kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kijitabu chake cha kliniki, bila kumtahiri. Kwa aliyekwishafanyiwa, mzazi aangalie tarehe ya kliniki inayofuata kwenye karatasi ya hospitali. Kama tarehe hiyo imepita, bado anaweza kurudi.